Kitabu Hakirudiwi: Hotuba ya Mtaalamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ameshindwa kufika, hivyo nimejikaimisha mwenyewe; walimu wa fasihi; wazazi; na nyinyi wanafunzi mliojibanza nyuma mkidhani siwaoni.

Nimeombwa, baada ya kuomba niombwe, kuzungumzia janga linalotafuna elimu yetu: mwanafunzi kurudishwa kwenye kitabu alichokwisha kukisoma. Mimi ni bingwa wa jambo hili. Kwa miaka 23 sijarudia kitabu hata kimoja. Vingine, kwa tahadhari, sikuvianza kabisa.

Chukueni tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Kidato cha tatu tuliimaliza kwa siku moja. Yaani desa lake, kurasa nane. Dhamira: mapenzi, ulevi, uzembe kazini. Ujumbe: usichanganye kazi na mapenzi. Basi! Mtu aliyekwisha kumeza ujumbe anarudi kutafuta nini? Kulamba kikombe?

Sasa nasikia mwalimu mmoja anataka kidato cha sita waisome upya, eti wamekua. Huo ni ubadhirifu uleule wa sensa. Mwaka 2012 nilihesabiwa. Mwaka 2022 karani akarudi, safari hii na kishikwambi, ananiuliza umri na idadi ya watoto. Nikamwambia, kijana, tazama majibu ya 2012, mimi ni yuleyule. Akataka kujua imekuwaje watoto wawili wamekuwa watano. Hilo haliko kwenye mada.

Ili kumuumbua mwalimu huyo, juzi nilikifungua kitabu chenyewe. Dakika tano tu, nithibitishe hakuna jipya. Ngoswe nilimkuta palepale, karani wa sensa kijijini, macho kwa Mazoea. Lakini yule baba wa binti, mzee Mitomingi! Shuleni tulimcheka: mzee mwenye hasira anachoma makaratasi ya sensa, hahaha, ukurasa unaofuata. Juzi sikucheka. Mimi nina binti aliyemaliza shule mwaka jana, na nje ya geti langu kila magharibi kuna kijana wa bodaboda anapiga honi na wala hana abiria. Nilijikuta namtafutia mzee kiberiti. Kisha nikayafikiria yale makaratasi, kijiji kizima, kaya kwa kaya, limebaki jivu. Ikafika saa saba usiku, mama watoto akauliza naumwa?

Ndugu zangu, kitabu hiki kimechezewa. Nimekilinganisha na nakala ya zamani ya mdogo wangu, neno kwa neno: ni yaleyale. Hivyo ndivyo wajanja wanavyofanya kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu wa kisayansi haujatikisika. Kitabu kinachobadilika bila kutoa taarifa kisiruhusiwe darasani mara mbili. Mtoto akiandika kwenye mtihani alichokiona mwenyewe badala ya alichokariri, nani atamsahihisha? Mwongozo wa kusahihishia hauna hata nusu alama ya baba aliyekosa usingizi.

Maswali sipokei. Ila kabla hatujaelekea kwenye pilau: niliacha Ngoswe hapa mezani nilipotoka kidogo kujisaidia, nimerudi siioni. Aliyeichukua airudishe, na asikunjue ukurasa nilioukunja.