Lipu Huanguka Mbele ya Wakwe

Bariadi, mkoani Simiyu, lipu haina tabia ya kuanguka usiku, watu wamelala. Husubiri alasiri, wakwe wamekaa barazani, michembe na chai viko mezani, ndipo kipande cha upana wa sinia kinapoachia ukuta na kutua nyuma ya kiti cha baba mkwe. Mzee hujifanya hakusikia, anaendelea kutafuna. Mwenye nyumba naye hupandisha sauti kuulizia hali ya mvua huko Itilima. Heshima ingesalimika kama si mtoto aliyesimama mlangoni: "Baba, kingine tena!"

Mtoto hajakosea. Ukuta ulikuwa unatoa taarifa tangu mvua za mwaka juzi. Kwanza ulitoa unga mweupe wa chumvi chini ya dirisha. Kisha rangi ikafanya malengelenge, na unyevu ukaanza kupanda kutoka chini hadi usawa wa goti. Kila taarifa ilipata majibu ya mwenye nyumba: baiskeli mbovu iliegeshwa hapa, gunia la mkaa likawekwa pale, na penye doa kubwa kuliko yote likasogezwa pipa la maji. Pipa lenyewe linavuja.

Kwa haki, lazima isemwe kwamba kujenga Simiyu ni kujenga juu ya ardhi yenye vituko. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, umeishi kwa pamba na ng'ombe, na Wasukuma walishaupa udongo wake majina yake kabla ya mtaalamu yeyote kufika na chepeo. Luseni ni mchanga mwepesi. Itogolo iko chini kidogo kwenye mteremko. Ibambasi ni ngumu, haipitishi maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alipoandika mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana mteremkoni kwa mpangilio unaojirudia, wanasayansi wa dunia waliona jambo jipya. Bibi yeyote wa Maswa mwenye shamba la mtama angemwonyesha mpangilio huo kwa fimbo.

Tatizo ni mbuga. Mvua ikinyesha hunywa maji na kuvimba. Kiangazi hukauka, husinyaa na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza kandambili ya mtoto. Nyumba iliyokaa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka bila kuulizwa. Ndiyo maana ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari hauhusiani na lipu hata kidogo. Huo ni ufa wa msingi, na ukiingiza sarafu ikapita, fundi wa lipu siye anayetakiwa kuitwa. Hata hivyo ndiye anayeitwa, kwa sababu ndiye mwenye namba kwenye simu.

"Hii ni ya juu juu tu, mzee," fundi husema, bila kushuka kwenye pikipiki. "Tunaziba, tunapiga rangi, unaisahau."

Mara nyingine husema kweli. Nyufa nyembamba kama uzi, zilizosambaa ukuta mzima bila mwelekeo, huwa ni za juu juu: saruji ilizidi, au lipu ilikaushwa na jua kabla ya wakati wake. Hizo hazimvunji mtu mguu. Kinachotaka kubomolewa ni lipu iliyoachana na tofali, na hiyo haionekani kwa macho. Husikika. Mtu achukue ufunguo wa kufuli, agonge ukuta taratibu kuanzia chini, hatua kwa hatua, huku sikio liko karibu. Palipo pazima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Palipoachia hutoa mwangwi, na ukibonyeza kwa kiganja unausikia mchanga ukishuka kwa ndani. Chora kwa mkaa kila penye mwangwi. Visehemu viwili vitatu vinavyotoshana na kiganja hukatwa na kuzibwa, basi. Michoro ikianza kushikana na kuwa ramani, upande wote uteremshwe. Kazi hii ifanywe majirani wakiwa shambani, maana mwanamume anayegonga nyumba yake mwenyewe na kuisikiliza huanza kuulizwa kama yuko salama.

Wengi hawagongi. Wanapaka rangi. Kengele ya kweli ya ukarabati kwetu ni ugeni: posa, kipaimara, au sherehe ya mkoa. Maonesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa Nyakabindi mwaka 2018, kisha 2019 na 2020, mwenye chumba cha kupangisha asiyewaza ndoo ya rangi alikuwa mtu wa imani kubwa. Na sehemu ya chini, ile inayorukiwa na tope la matone ya paa, hupewa mkanda wa rangi ya mafuta, kahawia au nyeusi, ili uchafu usionekane. Kweli hauonekani. Ila unyevu unaopanda kutoka ardhini hukuta njia imefungwa, hupanda juu ya mkanda, na kutokea pale penye rangi ya krimu ya bei mbaya.

Hapo ndipo nyumba nyingi za tofali mbichi zinapoumizwa na mapenzi ya mwenyewe. Tofali la udongo huvuta unyevu na kuutoa. Lipu ngumu ya saruji huuzuia, na viwili hivyo havitanuki sawasawa juani. Baada ya mvua kadhaa vinatengana. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unalijua somo hilo: kuta zake za matumbawe na chokaa hupumua, na saruji ikipigwa juu yake hufungia unyevu ndani. Kule Djenné, Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907 hausumbuki na swali la lini ukarabatiwe. Wakazi huusiriba upya kwa udongo, mji mzima, kama desturi ya mwaka. Bibi zetu nao walisiriba nyumba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe mvua zikiisha. Hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati, ilikuwa usafi.

Anayetaka saruji, basi aanze na maji. Upenu wa bati unaoishia sentimita chache nje ya ukuta ni sawa na kuuogesha kila mvua. Urefushwe, au uwekwe mfereji, maji yaelekezwe mbali na msingi, pipa liondoke. Bila hayo, lipu mpya itaiga ya zamani. Baadaye mvua zikiisha, lipu iliyoachia ing'olewe hadi tofalini, vumbi lifagiliwe, ukuta uloweshwe, na juu ya tofali la udongo upigiliwe wavu wa kuku. Mchanga wa mtoni usuguliwe kiganjani: ukiacha tope mkononi, urudi ulikotoka. Kwa saruji moja na mchanga tano, unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 hutosha kama mita za mraba 10. Hesabu hiyo mwenye nyumba aifanye mwenyewe, kabla fundi hajamfanyia.

Kisha inakuja kazi ambayo haina fundi: kumwagilia, asubuhi na jioni, wiki nzima. Siku ya kwanza familia yote iko ukutani na makopo, watoto wanalowa kuliko lipu. Siku ya pili anabaki mama. Siku ya tatu ndoo inatakiwa kwa kufulia, maji ya bomba yamekatika, na mwenye nyumba anaupapasa ukuta na kutangaza kwamba umeshakauka vizuri. Jumapili nyuzi za kwanza zinaonekana juu ya mlango. Fundi akipigiwa simu anapokea haraka, kwa furaha kabisa, yuko Lamadi kwenye kazi nyingine, na anauliza kama mzee ameshapata hela ya rangi.