Vimetakata

“Baba, vimetakata,” alisema mama mkwe wangu, aliyetoka Muheza kututembelea, nami nikajibu, “Ahsante sana, Mama.” Mkwe aliyelelewa ana jibu gani jingine? Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko langu mwenyewe, nyuma yangu mgeni wa heshima, na mbele yangu, juu ya taulo, vimepangwa vipira vyangu vya kioo vya mti wa Krismasi: vingi vya Marekani vya miaka ya 1940 na 1950, vichache vya Ujerumani, vya zamani zaidi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilivilaza kwenye boksi vikiwa vyekundu, vya bluu na vya dhahabu. Sasa nilikuwa naziona nyuzi za taulo kupitia tumboni mwa kipira, upande mmoja hadi wa pili.

Ufundi ulikuwepo, tusimnyime haki yake. Chupa ya chai ikishika kutu ya majani ndani na mkono hauingii, dawa yake inajulikana: unatia punje za mchele, maji ya moto kidogo na sabuni, unaziba mdomo kwa kiganja, unatikisa mpaka ing’ae. Mama alikichukua kipira kimoja, akachomoa kofia yake ya bati, akachungulia shingoni, akaona madoa meusi. Akamhurumia binti yake, kuolewa na mtu anayefunga uchafu kwenye pamba na kuuficha kabatini. Vichache vilimpasukia mkononi, akavifagia. Vilivyosalia alivitia mchele kimoja baada ya kingine, na nje akavisugua kwa sabuni ya unga.

Rangi ile ya nje ni vanishi nyepesi, ikishazeeka haivumilii hata kitambaa chenye unyevu. Wanaojua hutumia brashi laini, kavu, na pale rangi inapoanza kubanduka hawagusi kabisa. Na madoa meusi ya ndani si uchafu. Ni fedha, ile ile ya bangili, iliyosawijika kwa umri.

Hapa mnivumilie, maana habari ya hiyo fedha huninyima usingizi. Vipira hivi asili yake ni Lauscha, mji mdogo wa milimani huko Thuringia, Ujerumani, ambako watu wanayeyusha kioo tangu 1597. Oda ya kwanza inayojulikana ya vipira vya mti iliandikwa daftarini mwaka 1848. Mwaka 1867 mji ukapata kiwanda cha gesi, moto wa mezani ukawa mkali na unaotii mkono, na mpulizaji akaweza kutoa kipira kikubwa chenye ukuta mwembamba unaokaribia karatasi. Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumbani, pale pale wanapolala. Baba anapuliza mrija wa kioo motoni na kukiachia kipira shina refu la kushikia. Mama anapokea. Anatia ndani kiasi kidogo cha maji ya nitrati ya fedha yaliyochanganywa na amonia na sukari, halafu anakichovya kipira kwenye maji ya moto huku anakitikisa. Mwanzoni huoni kitu. Kisha maji yanaingia ukungu wa kahawia, yanakuwa meusi, unadhani yameharibika, na hapo hapo ukuta mzima unageuka kioo cha kujitazamia uso. Sukari ndiyo inayoilazimisha fedha iliyoyeyuka irudi kuwa metali, na ikirudi inajibandika ukutani, utando mwembamba ambao ukucha ungeweza kuukwangua. Yanayobaki yanamwagwa, kipira kinatundikwa kwenye ubao wa misumari kikauke, ndipo inapokuja vanishi ya rangi, na mwisho watoto wanakata shina na kuvisha kofia.

Kwa hiyo mama mmoja wa Lauscha aliitikisa fedha ikaingia, na mama mmoja wa Muheza akaitikisa ikatoka. Kwa mkono ule ule, na kwa bidii ile ile.

Vile vya Kimarekani vina hadithi yake. Kampuni ya Corning ya New York ilikuwa na mashine iliyobuniwa miaka ya 1920 kwa ajili ya balbu za taa: kioo kilichoyeyuka kinapita juu ya mnyororo kikiwa utepe, hewa inakisukuma kipite kwenye matundu na kujaza kalibu. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuwa inakaribia kufunga njia ya Ujerumani, mfanyabiashara Max Eckardt na kampuni ya maduka ya Woolworth waliishawishi Corning igeuze mashine ya balbu itoe vipira, na Eckardt akavipaka fedha na rangi na kuviuza kwa jina la Shiny Brite. Marekani yenyewe ilipoingia vitani, fedha na bati vikaenda kwenye silaha. Vipira vikatoka vitupu, kioo kinachoonyesha upande wa pili, na vistari vyembamba vya rangi tu, na baada ya muda hata kofia zikawa za karatasi ngumu. Leo vipira hivyo vya dhiki ndivyo wakusanyaji wanavyoviwinda.

Mgeni wangu, bibi mmoja mwenye makabati mengi ya vitu hivi kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa Lancaster, Pennsylvania, alivaa miwani, akainama kwenye taulo, akashika kifua. “Umepata vya wakati wa vita! Na vingi hivi!”

Sikusema uongo. Nilinyamaza.

“Anasemaje?” akauliza mama mkwe.

“Anasema vinapendeza sana, Mama.”

“Basi mwambie ni mimi niliyevisafisha. Mwambie, usione haya.”

Nilikohoa. Mama hakungoja mkalimani. Alichukua kipira, akaziba shingo yake kwa kiganja, akatikisa hewani kwa mikono miwili, chaka chaka chaka, kisha akamwonyesha mgeni punje za mchele kwenye sinki, zimegeuka kijivu na zinametameta kwa fedha yangu. Bibi alizitazama. Akaokota kofia moja, akaipindua: bati tupu, imegongwa jina Shiny Brite, kofia ya baada ya vita. Aliirudisha juu ya taulo polepole sana, akaniuliza kwa sauti ya msibani mama anaondoka lini.

Mengine yaliyonipata kwa ajili ya vipira hivi ni madogo. Wageni wa Kijerumani niliwaeleza kwamba kuficha tango la kioo kwenye mti ni mila yao ya kale. Hawakuwahi kuisikia, na chai iliwapalia. Walinzi wa uwanja wa ndege walinifungulia soksi moja moja, kila soksi na kipira chake, abiria wote wakitazama hali ya soksi.

Lakini kuna jambo moja ambalo silicheki. Ni kwa duka lake la hapa hapa Lancaster ambapo F. W. Woolworth, mwanzilishi wa kampuni ile, mwaka 1880 alikubali shingo upande kuchukua vipira vya Kijerumani vya dola 25, akihofia vitavunjika. Inasimuliwa kwamba viliisha kwa siku mbili. Baadaye akawa anaviagiza kwa malaki, na mwaka 1913 akafungua New York jengo refu kuliko yote duniani, lililogharimu dola milioni 13.5, akalipa taslimu. Wanawake wa Lauscha walishuka mlimani na vikapu mgongoni kupeleka mzigo kwa wafanyabiashara wa Sonneberg, bei ikapangwa huko huko, na kwenye kofia ya kipira hakuna jina la mmoja wao. Imeandikwa “Germany”, kama vile nchi ndiyo iliyopuliza.

Na mimi ninayesoma kofia hizo kwa miwani ya kukuza, huwa nasomwa pia. Huku Marekani mtu akifariki, watoto wake hufungua nyumba mwisho wa wiki, kila kitu kimebandikwa bei, watu wapite wajichagulie. Jumamosi iliyopita mwenye nyumba alinifuata chumba hadi chumba, mikono nyuma. Nilipoinama kwenye boksi la vipira akaniambia kwamba vya plastiki vinauzwa rahisi huko barabara kuu. Kisha akaniomba niuache mfuko wangu mlangoni. Wanawake wawili walinipita pale pale na mikoba ambayo ingemeza mtoto, wakakaribishwa kwa bashasha na kahawa. Nimeishi na jambo hilo wiki nzima, na bado sijalipatia kichekesho.

Mfuko niliuacha. Boksi nililipa bei iliyoandikwa, bila kuomba kupunguziwa hata senti, nikasimama mezani kwake kudai risiti, foleni ikirefuka nyuma yangu. Aliandika kwa hasira, akaichana, akanipa bila kuitazama. Nyumbani niliisoma: meza moja ya mninga na viti sita, vimelipiwa vyote, mnunuzi atakuja kuvichukua mwenyewe.