Ombi la Kukaimishwa Koti

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utumishi,
Dar es Salaam.

YAH: LIKIZO ZETU NA KOTI LA MENEJA

Sisi watumishi wa ghorofa ya pili, ambao fomu zetu za likizo zimelala juu ya meza ya Meneja tangu kabla ya mvua za masika, tunakuandikia si kwa kumshitaki mtu, hasha, bali kwa kukutolea rai tuliyoipima sana, maana muda wa kuipima tumepewa tele.

Meneja wetu hayupo. Katibu muhtasi wake husema yupo ila ametoka kidogo, na ushahidi wa kuwapo kwake ni lile koti la kijivu lililovalishwa mgongo wa kiti, ambalo kwa insafu yatupasa tulisifu, kwani hakuna karani aliyewahi kulitangulia kufika kazini wala aliyeliona likiondoka, hata siku za Idi na Krismasi. Kwa hivyo tunaomba, kwa unyenyekevu wote, koti hilo likaimishwe.

Hatufanyi mzaha. Koti lina mfuko wa kifuani wenye kalamu mbili, moja ya wino mwekundu, basi halikupungukiwa na zana yoyote aliyo nayo mwenyewe. Lina mikono miwili, nayo haijapata kugonga meza mbele ya mtu mzima. Halijamwita mtumishi mvivu mbele ya wateja, wala halijamwuliza mama mjamzito kama mimba yake ilikuwamo katika bajeti ya idara. Na taratibu za kulikabidhi madaraka si nzito: iandikwe barua moja ya ukaimu, ibanwe kwa pini kwenye ukosi, kila asubuhi karani wa masijala alipelekee majalada, ayafunue mbele yake moja moja, angoje kwa adabu kadiri ya dakika tano, na ikiwa koti halikutamka pingamizi, fomu ihesabiwe imekubaliwa, maana hata mbele ya kadhi kunyamaza kwa mwari ni ridhaa. Badala ya saini tutalichongea muhuri mdogo wenye umbo la kifungo. Posho yake ya ukaimu iwe ni kupelekwa kwa dobi kila mwisho wa mwezi, gharama ambayo tu tayari kuichangia. Na kwa kuwa katika joto la mji huu la Februari hakuna mwenye akili zake atakayethubutu kulivaa, haielekei litahamishwa kituo ghafla. Siku Meneja atakaporejea akalivaa, basi watakuwa wamehudhuria wawili, na hapo tunaomba koti liendelee kuwa na sauti ya mwisho, kwa kuwa ndilo linalozijua kazi za idara.

Fauka ya hayo, tunaomba vikao vya dharura vya Ijumaa jioni viitwe kwa jina linalovistahili, ambalo ni kifungo. Maneno ya kwamba sisi hapa ni familia moja yasitamkwe katika mwezi ambao saa za ziada hazikulipwa. Na ile picha ya mfanyakazi bora iteremshwe ukutani, maana mwenyewe alikwisha kuacha kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mtumishi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na siku zisizopungua 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, wala haikuandika popote kwamba azipate kwa hisani ya Meneja. Mwenzetu alifiwa na mama yake huko Lindi, akakaa mbele ya mlango uliofungwa hadi jioni akingojea saini, na alipofika kwao akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Aliporudi akatakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini aliondoka bila ruhusa. Huo ndio uongozi? Msituambie ni usahaulifu, wala msituambie ni wingi wa kazi. Fomu haitiwi saini ili anayeingojea azidi kuinama, amwamkie mkubwa mara mbili kwa siku, acheke vichekesho visivyochekesha, na siku itakapotiwa aone kuwa amefanyiwa ihsani kwa kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Hiyo ni dhuluma, na anayeifanya anajua kuwa ni dhuluma.

Tuwie radhi, Mheshimiwa, sauti imepanda.

Wazee wetu walikuwa na dawa yao. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokemea viongozi wenye jeuri na dharau, wafanyakazi wa baadhi ya viwanda vya mji huu waliushika mkononi wakawafungia mameneja wao nje. Sisi tumelijadili jambo hilo kwa kina tukaliacha, kwani hatuoni namna ya kumfungia nje mtu ambaye nje ndiko anakoshinda.

Lililobaki ni la utaratibu tu. Kanuni zataka barua ya mtumishi ipite kwanza kwa Meneja, aitie saini ndipo ipelekwe kwako; na hiyo ndiyo sababu unaisoma gazetini.

Ni sisi watumishi wako watiifu,
Ghorofa ya Pili.