Hayo ni Maji ya AC Tu

Gari likivuja oili, watu wanakuonea huruma. Likivuja petroli, wanakukimbia. Likivuja maji, wote wanageuka mafundi. Tangu rejeta ya gari langu ianze kudondosha, sijakutana na Mtanzania hata mmoja aliyeniambia, "Pole, mambo hayo siyajui." Mlinzi anajua. Muuza chipsi anajua. Shemeji yangu, ambaye hana gari wala leseni, anajua kuliko wote, na anashangaa inakuwaje wasiojua ndio wanaojaliwa kumiliki magari.

Nina gari aina ya saluni, ya Kijapani, ya mwaka 1997. Umri wa kupiga kura ilishaupita, na wa kugombea ubunge pia. Nailinda kwa sababu haina deni, na kwa sababu jipya sina. Siku nilipoikuta imetengeneza kidimbwi, mlinzi wa pale ninapoegesha alichuchumaa, akachovya kidole, akatoa hukumu: "Hayo ni maji ya AC tu, mzee."

Nina hakika sentensi hiyo imeua injini nyingi mjini Dar es Salaam. AC yangu mimi mara ya mwisho kutoa ubaridi Kikwete alikuwa bado Ikulu, kwa hiyo haina maji ya kudondosha wala ya kulilia. Isitoshe, maji ya AC hudondokea upande wa abiria, nyuma kidogo ya tairi la mbele, na ni meupe yasiyo na harufu. Haya yangu yalikuwa mbele kabisa, chini ya nembo. Lakini mlinzi nisimlaumu mno, maana na ya kwangu yalikuwa meupe. Wengi wetu hatuweki kulanti, tunaweka maji ya bomba, kisha tunashindwa kujua kinachovuja ni nini. Ile rangi ya kijani au nyekundu ya kulanti wenzetu hawakuiweka kwa urembo. Waliiweka ili ukiona kidimbwi cha kijani, usije ukadanganywa na mlinzi.

Nilifungua boneti kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi. Kuna mahali tanki la plastiki la juu linapokutana na yale mapezi ya aluminiamu, chuma kimekunjwa kulibana, katikati kuna mpira. Pale palikuwa na mstari mweupe wa magadi uliokauka, na katikati ya mstari tone moja likijiandaa. Nikaligusa, likaja jingine. Ugonjwa wenyewe ni huo, wala hauhitaji mganga. Plastiki inapashwa moto na kupoa miaka nenda rudi mpaka inapata ufa. Zamani rejeta zilikuwa za shaba juu mpaka chini, na fundi akikuta tundu alichomelea kwa risasi ukaenda zako. Plastiki huichomelei. Dawa yake ni tanki jipya au rejeta nyingine.

Dawa hiyo hakuna aliyenitajia.

Nilitajiwa yai. Unapasua yai, unatoa kiini, ute unautia kwenye rejeta. Ukifika kwenye tundu unaiva na kuziba. Nilitajiwa binzari ya manjano, vijiko viwili. Nilitajiwa tumbaku. Sabuni ya kipande nilitajiwa na watu wa rika zote, na kila mmoja aliapa kwamba mjomba wake alisafiri mpaka Mwanza kwa kipande kimoja. Sikatai kwamba vitu hivi huziba. Shida ni kwamba haviulizi wapi pa kuziba. Rejeta ina vijibomba vyembamba ndani, na hita nayo ina vyake, na ute wa yai hauna akili ya kuchagua kati ya tundu baya na tundu zuri.

Basi nikaenda kwa fundi, chini ya mwembe wake. Fundi huyu ni mtu mwema, anasali, na hadaiwi na mtu. Akatazama ufa, akatikisa kichwa, akasema, "Bosi, tatizo hapa ni thamostati. Tuitoe."

Nikamwambia thamostati haivuji.

"Haivuji, lakini inabana maji. Hizi gari zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu hazihitaji."

Msomaji, kama una gari la zamani na limewahi kulala gereji yoyote kuanzia Tanga mpaka Tunduma, nenda katazame. Thamostati huna. Ni kidude cha shaba chenye nta ndani, kinakaa pale maji yanapopita kati ya injini na rejeta, na kwenye magari mengi ya rika hilo kinafunguka nyuzi joto zikifika 82 hivi. Kazi yake ni kuiacha injini ipate moto wake kwanza, kisha kuushikilia palepale. Ukikitoa, injini inakwenda na ubaridi muda mrefu, inakunywa mafuta zaidi, na inasagika haraka. Injini inataka joto lake lilelile, uwe Makambako au Mbagala. Fundi alikitoa, akakitupia kwenye kopo lililojaa vidude vya wenzangu, akanitoza elfu kumi.

Baadaye akafanya feni dairekti. Yaani ile feni ya umeme ambayo ilikuwa ikijiwasha maji yakipata moto, sasa inawaka ukiwasha gari na kuzima ukizima, usiku na mchana, mvua na jua. Kisha akauzungushia mpira wa juu vipande vya tyubu ya baiskeli, ingawa mpira wa juu haukuwa na kosa. Ufa wenyewe akaupaka gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa. Mwisho akaulegeza mfuniko wa rejeta, nusu tu, "ili ipumue."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa falsafa nzima. Fundi haponyi mvujo, analizoesha gari kuishi nao, na kila hatua anapunguza kitu. Nasi wenye magari tunashukuru, kwa sababu kupunguza ni elfu kumi na kubadilisha ni laki mbili. Kuhusu kulegeza mfuniko, hata hivyo, inabidi niseme kitu. Mfuniko wa rejeta si kizibo cha chupa. Umeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha unayoizuia ndani. Maji yaliyobanwa kwa presha hiyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanasubiri mpaka karibu 120. Ukiulegeza, mvujo unapungua kweli, maana hakuna kinachosukuma. Lakini maji nayo yanarudi kuchemka mahali ambapo sufuria la jikoni huchemka, na injini ya gari haikuahidi kubaki chini ya hapo.

Jambo hilo nilifundishwa vizuri na mlima wa Kitonga.

Tulikuwa tunakwenda Iringa harusini. Shangazi kakaa mbele kwa heshima yake, nyuma wapo watu watatu, ndoo moja ya vyombo na mkeka. Mikumi tulipita salama, na Ruaha Mbuyuni shangazi akanunua vitunguu kwa jua lile la bondeni. Halafu mlima ukaanza, kona juu ya kona, mbele lori la kwenda Zambia linapanda kwa mwendo wa mgonjwa. Mshale ukaanza kunyanyuka. Nikajipa moyo kwamba geji imezeeka. Ukanyanyuka tena. Tulipokwama nyuma ya lori, utingo wake akateremka kuweka jiwe tairini, akaja dirishani kwangu, akanusa. Naye alikuwa fundi. "Mzee, washa hita. Weka mwisho kabisa."

Tofauti na yai, ushauri huo ni wa kweli. Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi. Ukiifungua, sehemu ya moto wa injini inakuja kwenu badala ya kubaki kule mbele. Nikaifungua. Upepo wa moto ukampiga shangazi usoni.

"Mwanangu, hii ndiyo AC?"

"Ni hita, shangazi."

"Hita? Hapa?"

"Inapoza injini, shangazi."

Akajifunga khanga kichwani, akateremsha kioo, akasema bila kunitazama, "Haya. Injini ipoe, sisi tuive."

Tulisimama pembeni kabla ya kilele. Mfuniko uliolegezwa ulikuwa umeshamaliza kupumua. Maji yaliyobaki hayakujaza hata jagi. Tulingoja mpaka boneti ikashikika kwa mkono, kwa sababu mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, na hapa sitanii: mvuke unaotoka pale unachubua uso wa mtu. Maji ya baridi nayo huyamwagi kwenye injini inayowaka moto, utapasua silinda hedi. Shangazi akasema nyumbani kwake wangetia binzari, na kwamba anayo kwenye mkoba.

Wakati tunangoja nilimkumbuka Bertha Benz, mke wa yule Karl Benz aliyetengeneza gari. Mwaka 1888 aliwachukua wanawe wawili, akaliondoa gari la mumewe bila kumwambia, akaliendesha kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, karibu kilomita 100. Gari lile lilikuwa linapoza injini kwa kuyaacha maji yachemke na kuwa mvuke, kwa hiyo kila baada ya mwendo kidogo mama wa watu alisimama kutafuta maji. Yaani safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa ya kuomba maji njiani. Ilipofika 1901, Wilhelm Maybach alikuwa ameliundia gari la Mercedes rejeta yenye vijibomba 8,070. Fundi wangu angeipata ile, angebana elfu nne zinazovuja na kusema zilizobaki zinatosha.

Iringa mjini iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo ukipanda na mfuniko uliolegea, unapanda mlima huku kiwango cha kuchemka kinateremka kukulaki. Harusini tulifika, pilau tulikuta chini ya sufuria.

Niliporudi Dar nilikwenda Gerezani kutafuta rejeta. Nilipewa moja ya mtumba. Muuzaji alisema imetoka Japani. Nilipouliza mbona mapezi yamelala upande mmoja, akasema imetoka Dubai. Nikaipeleka kwa kijana wa pancha tuijaribu: unaziba midomo, unaitumbukiza kwenye karai la maji, unatia upepo, unatazama mapovu. Ni kipimo safi kabisa, na hakuna rejeta ya mtumba inayopaswa kununuliwa bila hicho. Tatizo ni kwamba kijana wa pancha anajua presha moja tu duniani, psi 32. Rejeta yenye mfuniko wa 0.9 inatosha kupewa psi 13, basi. Nilimpokonya mpira mkononi wakati tanki limeanza kulia. Mapovu hayakutoka. Nikalipa.

Siku ya kufunga, nikamwambia fundi kwamba safari hii nataka thamostati. Akanitazama kwa masikitiko. Kopo lake lilikuwa limeshauzwa kwa watu wa chuma chakavu. Nikaenda dukani nikanunua mpya, yaani nikalipia kurudishiwa kitu nilicholipia kitolewe. Swichi ya feni hali kadhalika. Na mfuniko, maana ule wa zamani ulikuwa umeshazoea kupumua.

Kisha mwanafunzi wa fundi akaja na ndoo. Nikachovya kidole, nikalamba: chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam ndivyo vilivyo, na aluminiamu na chumvi havipatani. Nikasema gari langu litiwe kulanti. Kijana akacheka, "Mzee, gari halinywi chai, litajuaje?" Litajua. Ninao mstari mweupe wa ushahidi kwenye rejeta ya zamani.

Sasa mshale unakaa katikati na feni inawaka inapotaka yenyewe. Chini ya gari pakavu. Kwa hiyo nina maombi machache tu. Ukipeleka gari la zamani gereji, uliza kinachotolewa kitarudi lini. Kila asubuhi kabla hujawasha, tazama maji; ni nusu dakika. Chomoa na kijiti cha oili: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia ndani ya injini, usiliwashe kabisa, ita gari la kuvuta. Na wewe unayeandaa kunitumia ushauri wa yai, likaange ule, lina faida zaidi humo.