Tano Hadi Moja: Nishati Ipi Iingie Nyumbani?

Chukua kaya moja ya Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kuna migomba, ng'ombe wawili zizini, kijito chini ya shamba, na jua la kutosha miezi mingi. Kila chanzo cha nishati kina mashabiki, na kelele zao zinawashinda hata wa Simba na Yanga. Haya, tuvipange vyanzo hivyo kwa vigezo, tukianzia mkiani.

5. Upepo
Pole, shabiki wa mapanga! Umeme wa upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikipungua nusu, unabaki na sehemu moja tu ya nane. Miti inayokukinga na baridi ndiyo hiyo hiyo inayokunyima umeme. Singida ungetamba. Hapa keti kwanza.

4. Maji
Kijito kikianguka mita 10 na kuleta lita 10 kwa sekunde, mtambo mdogo wenye ufanisi wa nusu unatoa wati 490 hivi, usiku na mchana. Ni karibu uniti 12 kwa siku, nani asiyezitaka? Ila kijito hakikuzaliwa shambani kwako. Kuna kibali cha bodi ya maji ya bonde, kuna majirani wenye mfereji wao, na kuna kiangazi. Wanakijiji wakiungana, nitakuwa wa kwanza kuyapandisha maji kileleni. Kwa nyumba moja, nafasi ya nne inatosha.

3. Sola
Najua, umeshakunja uso. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua zuri inakupa nusu uniti: taa, simu, redio, watoto wanasoma, raha tupu. Sasa bandika maharage kwenye jiko la umeme la wati 1,000 kwa saa mbili. Uniti mbili hizo! Paneli nne zimeisha kwa sufuria moja, na bado hujahesabu kinachopotea kwenye betri.

2. Biogesi
Ng'ombe wako wawili wanafanya kazi hata wakiwa wamelala. Changanya samadi na maji kwa kiasi sawa, mimina kwenye mtambo wa kuba uliofukiwa ardhini, gesi inapanda jikoni na tope linalobaki linarutubisha migomba. Kituo cha teknolojia za vijijini, CAMARTEC, hapo hapo Arusha, kinaijua mitambo hii tangu miaka ya 1980. Kinachouma ni gharama ya kuanza, na kubeba maji kila siku.

1. Anayegawa uzito
Naam, nafasi ya kwanza imekwenda kwa mtu: yule anayeamua kigezo kipi kina uzito gani! Katika miaka ya 1970, Thomas Saaty wa Marekani alibuni njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa namba 1 hadi 9. Moja maana yake vinalingana, tisa maana yake kimoja kinakizidi kingine kwa mbali mno. Ukisema kupika kunazidi taa, taa zinazidi runinga, kisha runinga inazidi kupika, hesabu inakurudisha ukafikiri upya.

Tufanye mfano, alama zikitolewa kati ya kumi, kila moja ikizidishwa kwa uzito wa kigezo chake. Biogesi: kupika 9, mwanga 4, unafuu wa kuanza 3. Sola: 2, 9, 6. Baba anagawa uzito: kupika asilimia 10, mwanga 60, unafuu 30. Sola inashinda kwa 7.4 dhidi ya 4.2. Mama anagawa: 60, 20, 20. Alama hazikuguswa hata moja, lakini biogesi inapata 6.8 na sola 4.2.

Hapa ndipo ninapokasirika. Kaya nyingi hupanga nishati sebuleni, chini ya taa, huku moshi wa kuni ukiingia kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Anayepika haulizwi, halafu tunashangaa sola imefungwa na kuni bado zinakatwa.

Baba, kalamu hiyo mpe mama. Maharage tutayaangalia sisi.