Mfugaji Afundishwa Kuhama

Ama kweli dunia haiishi vituko: Waborana wa Biliqo, kaskazini mwa Kenya, ambao tangu enzi za mababu, mvua ikinyesha, huupa mgongo mto Ewaso Nyiro, na kiangazi kikiwakabili huurejea, kwa idhini ya wazee wa dedha, yaani baraza la malisho, ati walihubiriwa na wenye mradi wa hewa ya ukaa kwamba malisho hayana budi kupangwa kwa zamu, ili udongo uhifadhi hewa ya ukaa, nayo hewa hiyo iuzwe kwa makampuni ya ng'ambo ambayo, katika mageuzi yote hayo, hayakusudii kuhamisha hata kiti.

Sina inda na elimu. Lakini mwaka 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo ilipohukumu kuwa hifadhi ya Biliqo Bulesa, iliyokuwamo katika mradi huo, haikuanzishwa kwa mujibu wa sheria, ilikuwa zamu ya wakubwa wa mradi kuyakabili mabadiliko kwa moyo mkunjufu, kama semina zisemavyo.

Wakikosa mkufunzi, yupo bibi yeyote wa Kiborana, ambaye huivunja nyumba yake na kuipakia juu ya ngamia asubuhi moja. Naye, nadhani, hatadai posho.