Utukufu wa Karatasi ya Anmeldung

Waswahili tumeusifu mnazi, tumelisifu jahazi, na harusini wapo wanaomsifu hata mkwe. Karatasi ya Anmeldung, ile inayothibitisha kwamba fulani bin fulani anakaa nyumba namba fulani mjini Berlin, haijapata malenga wake. Ni dhuluma. Hakuna kimfaacho mgeni wa mji ule zaidi ya karatasi hiyo nyepesi isiyo na hata picha, na wanaoilaani hawajui fadhila.

Kwanza ni ya bure. Katika mji ambao mtu hulipia hata haja ndogo pale stesheni kuu, karatasi hii haidai senti. Inadai subira tu, na subira kila mgeni amekuja nayo.

Sheria inampa mtu wiki mbili tangu ahamie awe amejiandikisha. Akipitisha, faini yaweza kufika euro 1,000. Miadi ya kujiandikisha nayo, mara nyingine, hupatikana baada ya wiki hizo mbili kwisha. Mwenye pupa ataona hapo kasoro. Mimi naona malezi: mgeni anafunzwa mapema kuvunja sheria kwa dhamiri safi, maana aliomba nafasi na ushahidi anao. Wenyeji wanaohama mtaa hadi mtaa siku hizi huweza kuyamaliza mtandaoni. Atokaye nje ya nchi hanyimwi raha ya kwenda mwenyewe.

Tena inaamsha. Nafasi zilizoachwa na walioghairi huchomoza asubuhi na mapema, zikatoweka kabla chai haijachemka. Kijana ambaye mama yake alishindwa kumwamsha kwa swala ya alfajiri sasa yuko macho gizani, kidole kwenye simu, akiomba kwa unyenyekevu.

Akiipata, imetokea wapi? Berlin ina wilaya 12, na ofisi yoyote ya wilaya yoyote inaweza kumwandikisha. Basi anayekaa Neukölln anapewa nafasi Spandau, magharibi kabisa; wa Wedding anatupwa Köpenick. Mtalii atapiga picha lango la Brandenburg na kurudi kwao akidhani ameuona mji. Mwenzangu wa Anmeldung amevuka mito, amebadilisha treni, ameona bustani za mboga na maghorofa ya Marzahn. Matembezi hayo hayauzwi na wakala yeyote wa safari.

Ila ubora wake hasa ni kupima watu. Tangu Novemba 2015, mkataba wa kupanga hautoshi. Lazima aliyekupa makazi atie saini fomu ya kukiri kwamba umehamia kwake. Hapo ndipo ukarimu unapojulikana. Binamu aliyesema kwenye simu, “Njoo tu, kwangu ni kwako,” sasa anakohoa. Anakumbuka ghafla kwamba naye ni mpangaji wa mpangaji. Wapo pia wanaotangaza chumba na kuandika waziwazi kwamba kujiandikisha hakuruhusiwi: kulala ruksa, kuishi hapana. Bila karatasi hii ungekaa miaka usijue nani ndugu na nani mwenye godoro la ziada.

Hatimaye mgeni anafika dirishani, na pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa anaulizwa dini. Msharika wa KKKT kutoka Moshi hufurahi sana. Ameulizwa habari za bei, za baridi, za visa, lakini hakuna aliyemuuliza habari za imani! Anajibu kwa sauti ya kwaya: Mlutheri. Karani anaandika. Kwa jibu hilo mshahara wake utakatwa kodi ya kanisa, ambayo Berlin ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 hawakumtajia babu yake kiwango hicho. Akitaka kujiondoa, haendi kwa mchungaji bali mahakamani, na hulipa euro 30. Karatasi ni bure, nilisema, imani sikuisemea.

Wanaoona haya ni mageni kwao wasisahau barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Dar es Salaam nayo inaweza kukutazama usoni, ikakusalimia, ikakuuliza hali ya wazee, na bado benki ikasema haikutambui mpaka ulete muhuri. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wa mtaa anaweza kufuatwa kwenye bao.

Baada ya hapo mgeni anakuwa mtu kamili, na mtu kamili huandikiwa barua. Nyumba za huko aghalabu hazina namba za milango. Tarishi hufuata jina lililobandikwa kwenye kengele na sanduku. Likikosekana jina, barua hurudi ilikotoka. Likiwapo, inaingia namba ya kodi yenye tarakimu 11. Bila namba hiyo mwajiri humkata kwa daraja la 6, ambalo makato yake hayana mpinzani. Na hakai sana kabla ya kuandikiwa na watu wa ada ya utangazaji, waliopata habari zake kwenye daftari hilohilo la wakazi. Jirani wa ghorofa ya chini hajamjibu salamu, lakini hawa wamemwita kwa jina, na ukoo hawakuukosea. Wanaomba euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, awe na redio au asiwe nayo. Niambieni mji mwingine ambao mgeni hukaribishwa kwa maandishi namna hii.

Akija kuchoka na kuamua kurudi kwao moja kwa moja, inampasa kujiondoa daftarini. Kwa hilo hahitaji miadi, wala kuamka usiku, wala safari ya Spandau: anajaza fomu, anaitia kwenye bahasha, anabandika stempu.